Sikio Ni Amana: Vizibo vya Masikio kwa Mwendesha Pikipiki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyetupa masikio kabla hatujajua la kusikiliza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Katika darsa yetu ya watu wazima, ile tunayokaa baada ya sala ya Isha, yuko kijana mmoja ambaye kazi yake ni bodaboda. Ni mwaka wa tisa sasa yuko barabarani, na safari zake nyingi ni za Mombasa kwenda Kilifi na kurudi. Alikuja kwangu akitaka kuisoma upya Juzuu Amma kwa tajwidi, kwani utotoni aliiacha chuo mapema ili amsaidie mamake. Ni kijana mwenye adabu na hamu ya kujifunza, ila alikuwa na kosa moja lisilokwisha: herufi za thaa, siin na faa alizichanganya. Nikimsomea hivi, naye hujibu vile. Nilimsahihisha ulimi mwezi baada ya mwezi, na usiku mmoja, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimkaripia mbele ya wenziwe nikamwambia kuwa hana makini.

Alinyamaza. Siku chache baadaye mke wake alimweleza ahali yangu jambo ambalo mumewe hakuthubutu kunieleza. Nyumbani binti yao mdogo humwita babake kwa nyuma mara tatu, mara nne, wala hageuki, na mtoto sasa amezoea kwenda kumvuta shati. Ndipo nilipokumbuka kwamba kijana huyu hunisoma vizuri anapoutazama mdomo wangu, na hukosea ninapoinama kwenye msahafu. Tulifuatana hospitali kwa daktari wa masikio. Akavishwa vifaa vya kusikilizia, akaambiwa abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Milio minene aliisikia sawasawa. Ilipofika milio myembamba, mstari kwenye karatasi ulianguka kama ngazi iliyokatika. Swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Kazi yako ni gani?"

Kumbe ulimi wa kijana haukuwa na ila yoyote, maradhi yalikuwa sikioni. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomkaripia mbele yao, na nikaona ni wajibu wangu kuwaandikia ndugu zangu wasomaji, kwani ni nyumba chache sana za pwani yetu leo zisizokuwa na mtu anayekula kwa pikipiki au anayesafiri juu yake.

Thamani ya usikivu

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametutanabahisha katika Surat Al-Israa, aya ya 36, kwamba masikio, macho na moyo, kila kimoja katika hivyo kitaulizwa. Aghalabu aya hii tunaifasiri kwa upande wa yale tunayoyasikiliza, na tafsiri hiyo ni ya haki. Lakini amana huulizwa pia namna ilivyotunzwa. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Imam Shafi (R.A.) wamesema kwamba mtu akimjeruhi mwenziwe hata akamwondolea usikivu wa masikio yote mawili, humlazimu diya kamili, nayo ni ngamia 100, sawa na diya ya nafsi. Basi kila mmoja wetu amebeba kichwani mwake mali ya ngamia 100. Je, tunaichunga kama mwenye mali anavyochunga mali yake?

Adui ni upepo

Wengi hudhani kwamba kinachoumiza masikio ya mwendesha pikipiki ni mngurumo wa injini. Injini ina sehemu yake, hasa kwa wale wanaokiondoa kizuia sauti katika bomba la moshi ili pikipiki ipige kelele, na kitendo hicho kina madhara kwa mwenyewe na ni kumuudhi jirani, mgonjwa na mtoto aliyelala. Lakini mwendo unapoanza kuzidi kilomita 60 kwa saa, kelele kubwa zaidi huwa ni ya upepo unaozunguka helmeti, ukaingia kwa chini, penye shingo, na kwenye pengo la kioo.

Helmeti ni lazima, na sheria ya barabarani ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake waivae. Lakini helmeti imetengenezwa kulinda fuvu lisipasuke, haikutengenezwa kuzuia sauti. Vipimo vilivyofanywa Ulaya kwa waendesha pikipiki wenye helmeti vimeonyesha kwamba katika mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa kelele masikioni huwa karibu desibeli 90, na kila mwendo ukizidi nayo huzidi, hata kwenye kilomita 100 kwa saa hukaribia desibeli 100. Asiyevaa helmeti ana hatari mbili: kichwa chake hakina kinga, na upepo unampiga sikioni moja kwa moja.

Desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti, na hesabu yake inataka uangalifu, kwani kila desibeli 3 zikiongezeka nguvu ya sauti huwa maradufu. Kwa sababu hiyo, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama wa wafanyakazi, NIOSH, imeweka kiwango cha desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapozidi, muda hupunguzwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 97 ni nusu saa, na desibeli 100 ni robo saa tu. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni takriban kilomita 60. Mwenye kwenda mbio katika barabara ile humaliza kiasi chake cha siku nzima kabla hajafika, na bado ana kurudi.

Hapa nchini, kanuni za kuzuia kelele kazini za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi kuwekwa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa muda wa saa 8 katika siku. Mwenye kiwanda huwajibika kuwapa watu wake kinga. Mwendesha bodaboda ni tajiri na mfanyakazi kwa wakati mmoja, hana wa kumgawia vizibo asubuhi. Asipojikinga mwenyewe, hakuna atakayemkinga.

Namna usikivu unavyoondoka

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, na ndani yake mna chembe zenye vinywele vidogo mno, kiasi cha 15,000 katika kila sikio. Hizo ndizo zinazoipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele ikizipita huziinamisha, kama nyasi zinavyoinama zikikanyagwa. Zikikanyagwa mara moja, huinuka. Zikikanyagwa kila siku, hufa, na mahali pale huwa njia isiyoota tena. Chembe hizi kwa mwanadamu hazioti upya, wala hakuna dawa ya kuzirudisha.

Zinazotangulia kufa ni zile za milio myembamba. Ndiyo maana mtu husema, "Mimi nasikia vizuri," naye ni mkweli, kwa kuwa ngurumo, honi ya lori na sauti nene za wanaume bado anazisikia. Kinachompotea ni sauti ya mtoto, sauti ya mkewe anapozungumza kwa upole, na herufi nyepesi kama zile za thaa, siin na faa. Dalili ya mapema ni masikio kuvuma au kulia baada ya kushuka kwenye pikipiki, au dunia kuwa kama imefunikwa blanketi kwa saa kadhaa. Wengi hufurahi hali hiyo ikiondoka asubuhi. Ukweli ni kwamba hilo ni onyo, na mwenye kupuuza onyo kila jioni itafika siku haliondoki.

Aina za vizibo

Vizibo vya masikio vinavyopatikana ni vya namna nne.

Vya kwanza ni vya sponji laini, ambavyo husokotwa kwa vidole, hutiwa sikioni, kisha hutanuka na kulijaza tundu. Hivi ndivyo vya bei nafuu kuliko vyote, huuzwa katika maduka ya dawa na ya vifaa vya usalama kazini, na vikitiwa sawasawa huzuia sauti nyingi. Ila yake ni kwamba huchafuka upesi, hivyo inafaa kutupwa baada ya kutumika mara chache.

Vya pili ni vya mpira laini wa silikoni, vyenye duara mbili au tatu zilizopangana kama vyungu. Hivi havisokotwi, husukumwa taratibu, na huoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu vikatumika kwa miezi. Kwa mtu anayepanda na kushuka mara nyingi mikono ikiwa na vumbi, hivi ni vyepesi kutumia.

Vya tatu ni vyenye kichujio kidogo katikati, vilivyotengenezwa kwa ajili ya waendesha pikipiki. Huipunguza kelele ya upepo huku vikiacha maneno na honi visikike kwa uwazi zaidi. Bei yake imepanda, lakini hudumu.

Vya nne hutengenezwa kwa kipimo cha sikio la mtu mwenyewe, baada ya mtaalamu kuchukua umbo la tundu lake. Ni vizuri sana kwa mwenye uwezo, na asiye na uwezo hana haja ya kujilaumu, kwani sponji iliyotiwa vizuri humtosha.

Pamba ya kawaida haimo katika hesabu hii. Wako wanaoisokota pamba au karatasi ya chooni wakadhani wamejikinga, na kinga yake ni ndogo mno. Vilevile vifaa vya kusikilizia muziki si kinga. Anayevivaa barabarani hulazimika kupandisha sauti ili ishinde upepo, akawa ameongeza kelele juu ya kelele.

La kuangalia unapochagua

Kwanza, tazama namba kwenye pakiti. Vilivyopimwa kwa utaratibu wa Ulaya huandikwa SNR, na vya Marekani huandikwa NRR, kisha hufuata idadi ya desibeli vinazopunguza. Sponji nyingi ni baina ya 28 na 33. Namba hiyo hupatikana katika chumba cha vipimo, kwa hivyo ukiwa barabarani tarajia nusu yake hivi. Nusu hiyo inatosha: kelele ya desibeli 95 ikipunguzwa 15 hubaki 80, nayo ni katika kiwango cha salama.

Pili, usiamini kwamba namba kubwa zaidi ndiyo bora kwa kila mtu. Mwenye safari ndefu za barabara kuu afadhali achukue sponji yenye namba kubwa. Anayechanganya mji na barabara kuu atafaidika na vyenye kichujio au vyenye namba ya wastani.

Tatu, angalia ukubwa. Wanawake wengi na baadhi ya wanaume wana matundu membamba, na kizibo kikubwa huwaumiza hata wakakitupa. Tafuta pakiti yenye kipimo kidogo. Kizibo kikiwa kimeingia, kisitokeze nje ya sikio, ama sivyo helmeti itakisukuma na kuleta maumivu.

Nne, mwenye sikio linalotoa usaha, linalouma au lililotoboka kiwambo asitie kitu chochote kabla ya kumwona daktari.

Namna ya kutia na kutoa

Osha mikono. Isokote sponji iwe nyembamba kama uzi mnene, bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, ulishike sikio kwa juu na ulivute taratibu kwenda juu na nyuma, ili tundu linyooke. Tia sponji ndani upesi, kisha ishikilie kwa kidole muda wa nusu dakika mpaka itanuke. Fanya hivyo hivyo sikio la pili, ndipo uvae helmeti.

Ili kujua kama imekaa, sema neno kwa sauti. Ukijisikia kama unayezungumza ndani ya mtungi, imekaa vizuri. Kisha, mahali penye kelele, yafunike masikio kwa viganja. Ikiwa kelele imepungua sana kwa kufunika, basi kizibo hakikuziba, kitoe ukitie upya. Wakati wa kutoa, kizungushe polepole huku ukikivuta. Usikitoe kwa kukichomoa ghafla. Wala msiazimane vizibo, hata mtu na nduguye, kwa kuwa huhamisha uchafu na maradhi.

"Nikiziba masikio, nitasikiaje honi?"

Swali hili ni la maana, na mwenye kuliuliza asidharauliwe. Kizibo hakiondoi sauti, huipunguza. Upepo na honi hupungua pamoja, kwa hivyo honi iliyokuwa na nguvu kuushinda upepo bado itaushinda. Isitoshe, mwendeshaji ambaye sikio lake halijachoshwa na kishindo hutulia zaidi, na mtulivu huona mengi. Lakini katika mji, ndani ya msongamano na mwendo wa polepole, upepo ni mdogo na haja ya kusikia ni kubwa. Hapo ni busara kuvitoa. Na katika hali zote, vioo vya pembeni viwe safi na vitazamwe.

Wako pia wanaosema, "Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi." Ndiye, bila shaka. Naye Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Kizibo ni kamba ya ngamia.

Udhu, josho na saumu

Akina mama wameniuliza mambo matatu. La kwanza ni udhu. Kupaka maji masikio katika udhu ni sunna, hivyo aliyesahau kizibo sikioni udhu wake ni sahihi, ila amekosa fadhila. Na avitoe, kwani kupaka matundu ya masikio kwa ncha za vidole nako ni katika sunna hiyo.

La pili ni josho la wajibu. Hapa ni lazima vitolewe, ili maji yafike katika kila sehemu ya nje ya sikio na mikunjo yake.

La tatu ni saumu, na hapa pana khilafu. Kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu yetu ni kwamba kinachoingizwa ndani ya tundu la sikio hufuturisha. Wako maimamu wakubwa wa madhehebu yetu hii hii, miongoni mwao Imam Ghazali, walioona kuwa hakifuturishi, wakakilinganisha na wanja wa machoni. Nalo Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba dawa ya matone ya sikio haifuturishi madamu mtu hamezi kitakachofika kooni. Kizibo ni kikavu na hakipiti kiwambo cha sikio, basi jambo lake ni jepesi zaidi. Kwa hivyo mwendeshaji anayelazimika kusafiri mbali mchana wa Ramadhani ana kauli ya kushikamana nayo. Na anayependa kutoka katika khilafu, apunguze mwendo, maana mwendo ukipungua kelele nayo hupungua.

Wajibu wa nyumba

Dada zangu na mama zangu, nyinyi ndio mnaoliona tatizo hili kwanza. Mwenyewe hajui asichokisikia. Mume akiuliza "Umesemaje?" kila mara, akipandisha sauti ya redio hata jirani asikie, au akajitenga na mazungumzo ya jamaa kwa kuwa hayafuatilii, msiharakishe kusema amekuwa mkali au hajali. Mshaurini kwa upole akapimwe masikio katika hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo. Nami ninayewausia hivi nilimdhania vibaya mwanafunzi wangu kabla yenu.

Mwanamke anayesafiri mbali kwa bodaboda naye anahitaji vizibo, na chini ya hijabu havionekani wala havisumbui. Ama watoto wadogo, wasitiwe vizibo vya watu wazima, kwa sababu matundu yao ni madogo na wanaweza kuvitia mdomoni vikawasakama. Kinga ya mtoto ni dereva kwenda polepole, na mama anayo haki ya kumwambia dereva, "Mwanangu, punguza mwendo, nimebeba mtoto."

Jozi moja ya sponji haifiki bei ya lita moja ya petroli. Mke akimtilia mumewe jozi mbili ndani ya kibweta kidogo safi, akakiweka pamoja na ufunguo wa pikipiki, amemfanyia hisani ya kila siku. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa sikio ukishaanguka hakuna fundi wa kuujenga.

Kijana wetu bado yuko darsani. Kilichopotea hakikurudi, na daktari alimwambia wazi kwamba hakitarudi. Sasa huvaa vizibo vyake kila anapoingia barabara kuu, ili kilichobaki kibaki. Nimemhamisha akae mbele yangu, uso kwa uso, na ninapofika kwenye thaa naiinua shingo yangu auone ulimi. Amefika Surat An-Naba. Anakwenda taratibu, na mimi sina haraka naye.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie masikio yetu, macho yetu na nguvu zetu muda wote utakaotuhuisha, na utujaalie tuwe wenye kuyasikia mema na kuyafuata. Amin.

Wabillahi tawfiq.